Anayejibu Simu za Dawa Iko

Amira alingoja baba yake atoke kwenda dukani, ndipo akamwambia mama yake kwamba Jumatano asiwepo nyumbani.

Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, macho kwenye simu, kama mtu anayefikisha ujumbe wa mtu mwingine. Mama yake, Fatouma, alikuwa kwenye meza ya sebuleni, miwani puani, simu tatu zimepangwa mbele yake na daftari kubwa la mistari limefunguliwa katikati.

"Ni siku moja tu, mama. Yule mugeni wa Nairobi anafika saa tatu, saa saba anaenda. Utakaa kwa Mama Huseni hapo ng'ambo ya barabara. Utabeba simu na daftari yako, utajibu kama siku zote."

"Na juu ya nini nisijibie hapa?"

Amira akaweka simu mfukoni. "Juu mu dosye ya kuomba mtaji tuliyotuma, tuliandika kama mashine ndiyo inajibu."

Fatouma alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaivaa tena. Simu ya katikati ilikuwa ikilia. Aliipokea, akamsalimia muuzaji wa famasi wa upande wa pili, akamuuliza habari za mguu wake uliovunjika, kisha akamuuliza kama ana sirafu ya kifafa ya watoto. Alipomaliza kuandika jibu, Amira alikuwa bado amesimama palepale.

"Sawa," Fatouma akasema. "Jumatano nitakuwa kwa Mama Huseni."

Kampuni iliitwa Dawa Iko. Mtu aliyekosa dawa alituma ujumbe wenye jina la dawa na mtaa aliko, na baada ya dakika chache akapata jibu: dawa iko, iko famasi fulani, bei yake kiasi fulani. Wagonjwa hawakulipa kitu. Wenye famasi ndio waliochanga kila mwezi kwa sababu waliletewa wateja. Amira aliacha kazi yake kwenye kampuni ya simu kwa ajili ya wazo hilo. Mwenzake Bonfils, kijana mpole wa Kinama aliyesoma naye chuoni, alitengeneza programu yenyewe. Kila asubuhi wenye famasi wangefungua programu na kuandika dawa walizonazo, na mashine ingejibu yenyewe.

Wenye famasi waliandika wiki mbili. Wiki ya tatu wakachoka. Huyu alisema mtandao hautoki, yule alisema hana muda, wa tatu hakutaka jirani yake ajue stoku yake. Kampuni ilikuwa inakufa kabla haijatimiza miezi mitatu. Hapo ndipo Fatouma alipovuta kiti. Miaka ishirini na minne alikuwa ameuza dawa kwenye kaunta ya famasi moja mjini, mpaka mwenye famasi hiyo alipofariki na watoto wake wakaifunga. Wauzaji wa mji mzima aliwajua, wengine aliwafundisha kazi kwa mkono wake. Alichukua simu akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Tangu siku hiyo, kila ombi lilipoingia, jina la dawa lilitokea kwenye simu yake. Alipiga, aliuliza, aliandika, na kompyuta ya Bonfils ikampelekea mgonjwa jibu. Ilikuwa iwe kwa muda. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, famasi zilikuwa sitini na nne, na hakuna aliyezungumzia tena lini muda huo utakwisha.

Jioni ya siku hiyo, wakila ugali na ndagala, mume wake Aboubacar alisikia habari. Alikuwa na duka dogo la vipuri vya magari hapohapo mtaani Buyenzi, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kumbe unafukuzwa kwako, Mama Amira?"

"Sifukuzwi. Naenda kwa jirani."

"Na mimi?"

Amira akainama kwenye sahani. "Papa, kama inawezekana, siku ile ule mukate kule dukani."

Aboubacar alimtazama binti yake, akamtazama mke wake, kisha akacheka kidogo peke yake. "Basi hiyo kampuni imekuwa kubwa," akasema, akanawa mikono.

Bonfils, aliyekuwa amebanwa kwenye kona ya mkeka, hakucheka. Miezi saba alikuwa hajalipwa. Kila siku alitoka Kinama kwa miguu, na kila siku alipokaribishwa chakula alisema ameshiba, mpaka Fatouma amwekee sahani mbele yake bila kumuuliza.

Jumatano asubuhi sebule ilikuwa nyingine. Makochi yalisukumwa ukutani, kitambaa cha meza kilichofumwa na Fatouma kikatolewa, na mahali pake pakawekwa kompyuta mbili, moja ikiwa ya kuazima. Fatouma aliyaona hayo akipita na mfuko wa simu zake begani. Alivuka barabara.

Kwa Mama Huseni palikuwa na kelele. Redio iliongea juu ya dirisha, wajukuu walifukuzana uani, na Mama Huseni mwenyewe alitaka kujua mgeni anatoka wapi, ana mume au hana, ataleta pesa ngapi. Fatouma alijibu alichoweza, akakaa upenuni kwenye kiti cha plastiki na daftari mapajani. Saa tatu na nusu aliona gari likisimama mbele ya nyumba yake. Alishuka mwanamke wa makamo, mnene kiasi, suti ya kijivu na viatu visivyo na kisigino. Amira alimpokea kwa mikono miwili.

Mwanamke huyo aliitwa Madame Murhula. Alizaliwa Bukavu, alifanya kazi Nairobi kwenye mfuko unaotia mtaji katika kampuni changa, na kazi yake ilikuwa kuja kutazama kwa macho kabla wakubwa wake hawajatia saini. Fatouma alijua pia kwamba kabla ya huyu walikuwa wamekuja wengine wawili, na kwamba mmoja wao alimwacha Amira akimngoja kwenye kiti cha hoteli tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akatuma mtu aseme ameshaondoka.

Kwa hiyo alitaka mambo yaende vizuri. Alitaka kwa moyo wote.

Ombi la kwanza liliingia, na chini yake Bonfils alikuwa ameandika: *ni yeye, anajaribu.* Amoksisilini ya maji, mtaa wa Rohero. Fatouma alijibu kwa dakika tatu. La pili, dawa ya presha, dakika nne. Alijikuta anatabasamu, hata kelele za redio alikuwa hazisikii tena. Alikuwa anafikiria namna binti yake anavyokaa wima pale mezani.

Kisha likaingia ombi la mtu mwingine.

*Natafuta insulini ya mutoto. Imeisha tangu jana. Nimezunguka tangu asubuhi. Niko karibu na soko, natoka Kinama. Herménégilde.*

Fatouma alipiga famasi ya kwanza: hakuna. Ya pili: hakuna, labda wiki ijayo. Ya tatu ilikuwa Ngagara, na muuzaji alikuwa Elvire, msichana aliyemfundisha mwenyewe.

"Iko, mama. Chupa tatu."

"Frigo yenu iko namna gani?"

Elvire akaanza kutaja bei.

"Elvire, nakuuliza frigo."

"Courant hakuna tangu juma lililopita."

"Na insulini imekaa humo ndani bila umeme siku zote hizo?"

"Mama, tafadhali, usinitafutie shida na patron wangu."

"Sikutafutii shida. Nimesikia." Akakata. Kwenye programu ya Bonfils famasi hiyo ingesema dawa iko, na baba wa watu angeichukua, akaenda kumchoma mwanawe dawa ambayo hakuna anayejua imekaa kwenye joto kiasi gani.

Wakati huo simu ya pili iling'aa. Bonfils tena: *ombi la tatu la Madame, jibu haraka.* Vitamini za mama mjamzito. Kisha ujumbe wa Amira mwenyewe: *Mama, la Madame kwanza.* Fatouma aliusoma. Aliweka simu hiyo kifudifudi kwenye kiti, akapiga famasi ya nne. Hakuna. Ya tano haikupokea. Simu ya pili ikatetemeka, ikatetemeka tena. Akakumbuka Sylvère wa Kinanira, mwenye frigo ya umeme wa jua, akapiga. Sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikamwambia hana salio.

Aliangalia simu ya pili, ya tatu. Zote vivyo hivyo. Salio liliwekwa na Bonfils kila asubuhi, na asubuhi ile, kwa wasiwasi wa mgeni, alikuwa amesahau.

"Mama Huseni, uko na unités mu simu yako?"

"Tangu Ijumaa mi napigiwa tu, mwenzangu."

Fatouma aliandika ujumbe kwa Bonfils, ukagoma kwenda. Akangoja. Ng'ambo ya barabara mlango wake ulikuwa umefungwa. Alijua vizuri maana ya mlango ule. Alikaa pengine dakika mbili, mkono juu ya daftari, akitumaini kijana atoke hata kwenda chooni amwone. Hakutoka mtu. Fatouma akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akavuka.

Sebuleni, mbele ya Madame Murhula palikuwa na simu yake juu ya meza, na ilionekana wazi kwamba wote watatu walikuwa wakiitazama kwa muda.

"Ni rezo ya simu," Bonfils alikuwa anasema. "Saa zingine inalala kidogo."

Mlango ukafunguka. Fatouma alisimama pale na daftari kwapani na simu tatu mikononi.

"Salamu alaykum. Munisamehe," akasema. "Bonfils, mwanangu, niwekee unités. Kuko mutu wa insulini, amesimama barabarani."

Bonfils alimtazama Amira. Amira alikuwa ametazama chini. Kijana akachukua simu yake na kuanza kubonyeza namba. Fatouma hakuweza kungoja akiwa amesimama. Alivuta kiti kilichokuwa wazi, akafungua daftari juu ya meza kati ya zile kompyuta, na salio lilipoingia akapiga Kinanira.

"Sylvère, habari ya nyumba? Insulini ya mutoto. Ngapi? Mbili. Frigo? Vizuri. Moja niwekee kwa jina la Herménégilde, anatoka soko, anaweza kuja kwa miguu, usifunge saa sita kabla hajafika. Asante, baba."

Akaandika. Bonfils, bila kuambiwa, akatuma. Baada ya muda kompyuta ikalia na jibu likaonekana kwenye kioo, kubwa, kila mtu akalisoma:

*Nimeona. Naenda. Mashine yenu ina akili, Mungu aibariki.*

Madame Murhula alisoma mara mbili. Kisha akageuza kiti chake, akamtazama Fatouma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama kitu alichokuja kukiona.

"Mama, samahani. We uko nani mu hii kampuni?"

"Mi niko mama yake Amira."

"Hiyo nimeisikia. Nauliza mu kampuni."

Fatouma alifungua mdomo. Alitazama daftari, akamtazama binti yake, na jibu halikuja. Simu ikalia, akaona afadhali aipokee.

Mgeni hakuondoka saa saba. Alikaa mpaka saa tisa kasoro akimtazama Fatouma akifanya kazi, akiuliza machache na kuandika mengi. Alikula wali aliopikiwa. Mwisho akafunga kompyuta yake, akamwambia Amira taratibu, bila kupandisha sauti:

"Mi sitawaambia wasaini. Siyo juu ya mama yako. Ni juu uliandika kitu ambacho siyo. Nikikipeleka vile kilivyoandikwa, kesho wewe na mimi wote tumedanganya."

"Madame, kila mutu anaandika vile," Amira akasema. "Ukiandika kuko mama na daftari, hawasomi hata ukurasa wa pili."

"Inawezekana. Lakini hukujaribu."

Gari lilipoondoka, Amira alibaki amesimama sebuleni. Bonfils aliaga kwa sauti ndogo akaenda zake Kinama. Fatouma alikuwa anarudisha kitambaa juu ya meza.

"Ungengoja dakika kumi, mama. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi za nani?"

Amira aliingia chumbani akafunga mlango, na Fatouma akamsikia akilia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, kwa kujizuia, uso kwenye mto. Alitaka kwenda. Alifika mpaka mlangoni, akarudi. Hakujuta kumtafutia yule mtoto dawa. Lakini alijua mtaji ule ulikuwa na maana gani ndani ya nyumba hii.

Asubuhi ya Alhamisi aliswali, akanywa chai, akachukua ungo wa mchele akakaa uani. Saa mbili simu zilianza kulia sebuleni. Hakuinuka.

Amira akatokea mlangoni. "Mama, simu."

"Nimezisikia."

"Una hasira na mimi?"

"Hasira apana," Fatouma akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Yule mama aliniuliza swali, nikakosa jibu. Usiku nikalitafuta, sikulipata. Ningekuwa nauza dawa kwa mutu, ningejua niko nani pale. Nikikaa tu kama mama yako, basi leo mama yako anachambua mchele."

Amira alirudi ndani. Fatouma alimsikia akipokea simu ya kwanza, sauti yake imenyooka kama ya kwenye matangazo.

"Bonjour, hapa ni Dawa Iko, tunaomba kujua kama muna..." Kimya. "Allô?"

Bonfils alipofika naye akachukua simu moja. Kupitia dirishani Fatouma alisikia asubuhi nzima. Mwenye famasi mmoja alimwambia Amira kwamba habari za stoku hawapi watu asiowajua. Mwingine alimweka kwenye laini akihudumia wateja watano, kisha akakata. Wa tatu, wa karibu na posta, alimwita mwizi. Mara tatu Fatouma alisikia swali lilelile likitoka kwenye spika: "Mama Amira yuko wapi? Anaumwa?" Mara moja vidole vyake vilisimama juu ya mchele, kwa sababu alijua jibu la dawa iliyokuwa ikitafutwa. Akapaza sauti kuelekea dirishani: "Muulize Birindwa wa Kinama!" Kisha akaendelea.

Kufika adhuhuri maombi arobaini na moja yalikuwa yameingia na tisa tu ndiyo yaliyojibiwa. Amira alitoka uani, akakaa chini kwenye saruji karibu na mama yake, viatu mkononi.

"Yule wa karibu na posta anatukana hivyo kila siku?"

"Huyo? Mtoto wake wa kwanza alifariki mwaka juzi. Umuache amalize kutukana, halafu anakupa dawa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unauliza ngapi zimejibiwa."

Amira alichezesha viatu vyake. Jua lilikuwa limefika katikati ya ua, na Fatouma akavuta ungo kwenye kivuli.

"Mi niliona aibu, mama," Amira akasema. "Siyo kwako. Niliona aibu kwamba nimesoma miaka yote hii, na kitu nilichotengeneza hakifanyi kazi bila wewe."

Maneno hayo yalimuuma Fatouma na kumpoza kwa wakati mmoja.

"Kiandike basi vile kilivyo," akasema. "Na mimi uniandike humo. Kwa kazi, siyo kwa kukuzaa. Na siwezi peke yangu, mwanangu. Famasi sitini na nne zimenifikisha shingoni. Kuko wauzaji wengi walioachishwa kazi mu huu mji, wanajua dawa, wanajua watu. Nipe wawili niwafundishe."

Dosye mpya iliandikwa kwa siku nne. Bonfils aliondoa ukurasa uliokuwa na mchoro wa mashine, akaweka picha ya daftari. Amira aliandika kwamba wanaopiga simu ndio mali ya kampuni, na kwamba programu kazi yake ni kuwapunguzia mzigo: kukumbuka nani alikuwa na nini jana, na frigo ya nani ina umeme. Waliipeleka kwa mifuko sita. Minne haikujibu. Mmoja ulisema mfano huu hauwezi kukua. Madame Murhula alijibu baada ya wiki tano, barua fupi: wakubwa wake wamekubali theluthi ya kiasi cha kwanza, kitoke kwa awamu, na awamu ya pili itoke wakishafundishwa watu wanne.

Amira alisoma barua hiyo kwa sauti jioni wakila, baba yake yupo. Ilikuwa kidogo kuliko walivyotegemea, na hapakuwa na shangwe. Lakini Bonfils, aliyekuwa kwenye kona ya mkeka, aliuliza kama kuna ugali umebaki. Fatouma akampakulia mara mbili.

Wiki iliyofuata walikwenda mjini, kwenye ofisi ya usajili, kubadilisha karatasi za kampuni. Watu walikuwa wengi, mstari umefika hadi ngazini. Karani wa dirishani alipitisha macho kwenye vitambulisho, akamtazama Fatouma.

"Mama amekuja kuwa shahidi?"

"Apana," Amira akasema. "Ni mushirika. Sehemu ishirini kwa mia. Na ni mkuu wa kazi."

Karani aliandika, akapiga muhuri, akasukuma kurasa kumi na moja za Kifaransa kwenye kaunta na kuonyesha kwa kalamu. "Hapa, hapa, na hapa kwa mwisho."

Fatouma hakuchukua kalamu. Alitoa miwani, akaivaa, akaanza ukurasa wa kwanza kwa utaratibu uleule aliosomea makaratasi ya ndani ya maboksi ya dawa miaka ishirini na minne, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Alipokutana na neno asilolijua alimuuliza Amira, Amira akamweleza. Alipomaliza ukurasa wa pili, mwanamume mmoja nyuma yao alisonya. Mwingine akasema wengine nao wana kazi. Karani alitazama saa ya ukutani.

"Mama, ni mambo ya kawaida tu hayo, wee saini."

Amira akageuka, akasimama kati ya mama yake na mstari mzima.

"Mungoje," akasema. "Anasoma."

Fatouma akafungua ukurasa wa tatu.